Tatu Nukta Sita: Namba Kila Msee wa Mtaa Anafaa Kuwa Nayo kwa Kichwa

Kuna bishano moja haishangi pale base. Mechi ikiisha tu, msee mmoja anaweka: "Van de Ven ni mbio kuliko Omanyala, cheki namba zake." Mwingine anaruka juu: "Wee! Beki wa Spurs ashinde Omanyala? Wapi?" Kelele inapanda, chai inapoa, kila mtu ako na point, na hakuna hata mmoja amepiga hesabu. Na hesabu yenyewe ni ya kupigia kwa mulika mwizi.

Wacha tuipige sasa. Micky van de Ven, Januari 2024, Tottenham wakicheza na Brentford, alipimwa akichapa kilomita 37.38 kwa saa. Ferdinand Omanyala naye, Septemba 2021 pale Kasarani, alikula mita 100 kwa sekunde 9.77, ikawa rekodi ya Afrika. Ngori iko hapo: huyu ameletwa na kilomita na masaa, yule ameletwa na mita na sekunde. Huwezi kuwapanga line moja mpaka uwapime na kitu kimoja.

100 gawa na 9.77. Unapata mita 10.235 kila sekunde. Saa moja iko na sekunde 3,600. Kilomita moja iko na mita 1,000. 3,600 gawa na 1,000 ni 3.6. Basi. Ukiwa na mita kwa sekunde na unataka kilomita kwa saa, zidisha na 3.6. Ukiwa na kilomita kwa saa na unataka mita kwa sekunde, gawa na 3.6. Omanyala: 10.235 mara 3.6 ni 36.85.

Sasa wa Spurs ataruka aseme "si niliwaambia", ju 37.38 iko juu ya 36.85. Atulie kwanza. Hiyo 36.85 ya Omanyala ni wastani wa mita zote 100, na ndani yake kuna zile mita za kwanza akitoka kwa bloku na spidi sufuri. Hiyo 37.38 ya Van de Ven ni ile nukta moja alikuwa amewaka kuliko zote, tayari akiwa kwa mwendo. Mtu haezi kuanza na sufuri halafu awe na wastani wa karibu 37 bila kupita hapo juu vibaya sana katikati. Mcheki Usain Bolt pale Berlin 2009. Sekunde 9.58 ni wastani wa kilomita 37.58 kwa saa, lakini kati ya mita ya 60 na ya 80 alikuwa anakula mita 12.4 kwa sekunde. Zidisha na 3.6: karibu 44.7. Wastani 37, kilele 44. Hiyo gap ndio base huwa inasahau kila wiki. Kabla ubishe kuhusu spidi ya mtu, uliza vitu mbili: imepimwa na nini, na ni ya safari yote ama ni ya kile kipande kimoja alikuwa moto?

Mimi naipenda hii namba 3.6 kuliko zingine zote za shule. Tulifunzwa form two kwa Physics, tukaifanyia mtihani, tukaiacha hapo kwa daftari. Na hiyo ndio namba iko na kazi kila siku ukishuka kwa barabara.

Lakini wasee wa mbio za mbali spidi hawaiongei hivyo. Enda Iten uulize mkimbiaji anaenda spidi gani, hatakuambia kilomita kwa saa. Atakuambia "tatu na kumi", dakika 3 na sekunde 10 kwa kila kilomita. Amegeuza swali: badala ya umbali ngapi kwa saa, ni muda ngapi kwa kilomita, yaani pesi. Na iko na sense, ju mtu anakimbia akicheki saa kwa mkono, na kila akipita kilomita anataka kujua ako ndani ama amechelewa.

Kugeuza ni rahisi: chukua 60, gawa na hiyo pesi. Dakika 6 kwa kilomita ni 10 kwa saa, ile jogi ya Karura Jumamosi asubuhi. Dakika 5 ni 12. Dakika 4 ni 15. Chunga tu kitu moja, ju iko na mtego: 5:30 sio 5.30. Sekunde 30 ni nusu dakika, so unagawa 60 na 5.5, unapata 10.9.

Sasa mchukue Eliud Kipchoge, Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019. Kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Hiyo ni 2:50 kwa kilomita, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kwa lugha ya dashibodi, 21.16 kwa saa. Ukiskia 21 unaweza dhani ni kitu mdogo, ju hata nduthi ikiwa kwa jam inaenda hivyo. Basi igeuze tena: ni mita 100 kwa sekunde 17. Mita 100 kwa sekunde 17, vijana wengi kwa mtaa wanaweza. Enda uwanja wa shule ujaribu, utafika ukihema lakini utafika. Sasa unga ingine, na ingine, mpaka zifike 422, bila kusimama, bila moja kuchelewa. Spidi ni ile ile, haijaongezeka wala kupungua, lakini sasa umeijua kwa mapafu.

Kelvin Kiptum alipiga Chicago Oktoba 2023 kwa 2:00:35, ikawa rekodi ya dunia, ju hii, tofauti na ile ya Vienna, ilikuwa race ya kawaida na washindani wa kawaida. Ni mita 5.83 kwa sekunde, 21 kwa saa kamili ukikaza. Kati yake na Kipchoge wa Vienna ni kama sekunde moja na kitu kwa kila kilomita. Hizo ndio tofauti watu wa Elgeyo Marakwet huamka kumi na moja asubuhi kwenda kutafuta, na mtu wa Nai akicheki tu kilomita kwa saa, haezi ziona kabisa.

Faith Kipyegon ndio anatuvusha kwa maili. Tarehe 26 Juni 2025 pale Paris, alijaribu kukimbia maili moja chini ya dakika 4, kitu hakuna mwanamke amewahi. Alipiga 4:06 na kitu. Maili moja ni mita 1,609.344, kamili, hiyo namba ilifungwa na mkataba mwaka wa 1959. Ukikimbia maili moja kwa dakika 4, unafanya maili 15 kwa saa, ju saa moja iko na dakika nne nne mara 15. Kwa kilomita hiyo ni 24.14. Faith alikuwa karibu 23.5. Ukitoa, unabaki na 0.6 na kitu ya kilomita kwa saa. Dunia nzima ilikesha ikicheki kama dem wetu atafunga hiyo gap.

Maili hatujaziacha hata kama barabara zetu zote ni kilomita. Eldoret bado kuna Maili Nne, ukienda Bahati kule Nakuru kuna Maili Sita, mitaa zilipewa jina kulingana na umbali. Lakini penye maili inaweza kukukosesha pesa ni kwa ndai. Ndai mob za Kenya zimetoka Japan, dashibodi iko kwa kilomita na mara mingi inaishia 180. Zile zimetoka Uingereza ni tofauti. Namba kubwa kubwa za nje ni maili kwa saa, kilomita zimeandikwa ndani kwa maandishi madogo. Msee amezoea Probox, amepanda kwa Discovery ya kuazima, anacheki sindano iko 80, anajua yuko sawa na mat. Zii. 80 ya maili ni karibu 129 ya kilomita. Ndai ya kibinafsi kwa barabara ya leni mbili mbili mwisho ni 110. Amepita na 19. Kwa sheria za faini za papo hapo za 2016, kupita na 16 mpaka 20 ni ngiri kumi. Na kama ni barabara ya kawaida yenye mwisho wake ni 100, amepita na 29, hiyo hata faini ya papo hapo haimchukui. Hiyo ni ya kortini.

Kuzidisha na 1.609 ukiendesha ni noma, so tafuta njia ya mtaa. Zidisha na nane, gawa na tano. Maili 50 ni kilomita 80, na hapo ndio gavana ya spidi ya mat imekaa. Maili 70, mwisho wa motorway za Uingereza, ni 112, karibu sana na 110 yetu. Ama tumia mnyororo huu, ambao kwangu ndio mtamu zaidi: 5, 8, 13, 21, 34, 55, 89. Kila namba ni zile mbili za nyuma zikijumlishwa. Na kila namba ikiwa ni maili, ile inafuata ni kilomita. 5 ni 8. 13 ni 21, na hiyo unaijua tayari, ju nusu marathon ni maili 13 na kitu, kilomita 21 na kitu. 34 ni 55. 55 ni 89, na ukipiga kwa kikokotoo unapata 88.5. Mnyororo huo unafanya kazi ju kila ukiongeza hatua, namba inakua karibu mara 1.618, na maili kwenda kilomita ni mara 1.609. Zimekaribiana tu, hazijapangwa na mtu. Kasin yako akikupigia kutoka Texas akikushow kule kuna highway ya maili 85, hiyo unafanya kwa kichwa kabla amalize sentensi: 85 mara nane ni 680, gawa na tano ni 136. Na ni kweli iko, State Highway 130, chini ya Austin.

Noti nitapita nayo mbio, ju inahusu wasee wa bahari na wa ndege. Noti moja ni kilomita 1.852 kwa saa. Maili ya bahari imetolewa kwa dunia yenyewe: ukisonga digrii moja kutoka ikweta kwenda kusini ni maili za bahari 60. Mombasa iko kama digrii nne kusini, so kutoka line ya ikweta ni karibu maili za bahari 240, na boti ya noti 10 ingemaliza hiyo umbali kwa masaa 24. Ndio maana mabaharia hawaiachi: ramani na spidi zinaongea lugha moja. Watu wa hali ya hewa wakionya wavuvi wa Pwani kuhusu upepo wa noti 25, hiyo ni zaidi ya kilomita 46 kwa saa, karibu mita 13 kila sekunde. Kwa ngalawa hiyo ni siku ya kukaa nyumbani. Na Dreamliner ikiwa juu kabisa inaenda kama 900 kwa saa, ambayo ukigawa na 3.6 ni mita 250 kila sekunde, kamili.

Lakini yote hiyo ni ya kubamba. Penye 3.6 inakuwa kitu cha maisha na kifo ni barabarani, na hapo nataka tukae.

Panda nganya ya Githurai ukae mbele, karibu na dere. Cheki dashibodi. Sindano imegandia 80, hapo ndio gavana imewekwa tangu waziri Michuki alete sheria zake 2004, mikanda, line ya manjano na yote. Mahewa iko juu, konda amening'inia kwa mlango, na hiyo 80 haikusumbui. Unaiona kila siku. Ni kilomita na ni masaa, na hauna picha ya saa moja kwa kichwa. Ajali haingojangi saa. Inaisha kwa sekunde mbili.

Sasa gawa: 80 na 3.6. Ni mita 22 kwa sekunde. Sema "Githurai" polepole, Gi-thu-ra-i. Kabla umalize, hiyo mat yote na watu wake imesonga mita 22. Dere akiangalia simu aone nani amemtumia M-Pesa, sekunde tatu tu, ameendesha mita 67 bila macho. Nduthi ikiwa 60 ni mita 16.7 kwa sekunde. Rider akigeuza kichwa kuongea na kastoma, sekunde mbili, mita 33 zimeenda na hajui nini imetokea mbele. Na chini ya footbridge za Thika Road bado kuna watu wanakata barabara kwa mguu.

Halafu kuna breki, na breki haifuati hesabu ile watu wanadhani. Ukiongeza spidi mara mbili, umbali ambao breki pekee inakula unaongezeka mara nne. Chukua ndai yenye tairi poa, lami kavu, dere ako macho na amechukua sekunde moja na nusu kuona na kukanyaga. Akiwa 50, anatumia mita 21 akiwa bado anashtuka, halafu breki inakula 14, jumla 35. Akiwa 100, kushtuka pekee ni mita 42, breki inakula 55, jumla 97. Amezidisha spidi mara mbili, umbali umekuwa karibu mara tatu. Akiwa 110 jumla inafika kama mita 112, ndefu kuliko uwanja mzima wa mpira. Hiyo ni kukiwa kavu. Mvua ya Aprili, tairi imeisha meno, abiria wamejazwa mpaka kwa mlango, hizo namba zote zinapanda.

Mtoto akitokea mita 35 mbele, wa 50 anasimama kando yake. Wa 100, kwa hizo mita 35, bado hajagusa breki. Anampata na spidi yake yote, mita 28 kwa sekunde. Hii sio mafumbo. Mwaka wa 2023 na 2024, kila mwaka zaidi ya watu 4,000 walidedi kwa barabara za Kenya, na kundi kubwa kabisa ni wale wa kutembea kwa mguu. Kila mtaa iko na jina la mtu wake.

Ndio maana mimi nasema dashibodi imetuwekea namba kwa lugha mbaya. Kilomita kwa saa ni ya kupanga safari. Ni ya kumwambia mathe utafika saa ngapi ocha. Ukiwa umeshika usukani, mwili wako na wa ule anavuka unaishi kwa mita na sekunde. Kama wewe ni rider, fanya hiyo hesabu mara moja tu, uweke kwa kichwa: 40 ni 11, 50 ni 14, 60 ni karibu 17, 80 ni 22, 100 ni 28. Ama gawa na nne halafu uongeze kidogo, inatosha.

Na kuna upande mwingine wa hesabu, ule madere huamini zaidi: "nakimbia ju nataka kuokoa muda." Sawa, tucheki muda. Nairobi mpaka Nakuru ni kama kilomita 160. Kwa 80 ni masaa mawili. Kwa 100 ni saa moja na dakika 36, ameokoa 24. Kwa 120 ni saa moja na dakika 20. Ile 20 ya kwanza ilimpa dakika 24, ile ya pili imempa 16 tu, na breki imezidi kuwa ndefu mara zote mbili. Kila ukiongeza, unalipa zaidi na unapewa kidogo. Safari fupi ndio mbaya kabisa. Expressway kutoka Mlolongo mpaka Westlands ni kilomita 27 na mwisho ni 80: dakika 20. Msee akiipiga 110 anafika kwa dakika 15 hivi. Amepata dakika tano, na akishuka tu Westlands anaingia jam ya Waiyaki Way na wasee wengine wote.